STI iliyokuja baada ya GDB: dalili, chanzo na pa kuanzia ukiwa Kampala

Wenye Subaru STI huja gerejini na hukumu tayari. "Fundi, tabo imekufa." Mara nyingi tabo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, ni nzima kabisa. Ni mpira uliochanika, au petroli, au oili iliyopungua kimyakimya, lakini tabo ndiyo yenye jina kubwa, kwa hiyo inabebeshwa kila kosa.

Kabla hujalalamika, jua gari lako ni lipi. Tangu sheria ya 2018 ikataze kuingiza Uganda gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa, GDB, STI za kizazi kilichotangulia, zilizobaki ni zile tulizonazo tayari, kwani ya mwisho ilitoka 2007. Zinazopanda sasa kutoka Mombasa ni za kizazi kilichofuata. Fungua boneti usome kibati. GRB ni ile iliyokatwa mgongo, ilianza Oktoba 2007. GVB ni yenye buti, ya 2010. Zote mbili zina injini ya EJ207: cc 1,994, nguvu farasi 308, toki Nm 422, gia sita za mkono. Ukikuta GRF au GVF, hiyo ni A-Line: otomatiki, injini EJ257 ya lita 2.5, farasi 300 na toki Nm 350. VAB ya 2014 ina bodi mpya, lakini ya soko la Japani bado imebeba EJ207. Nimeona mtu akinunuliwa gasketi za lita 2.0 kwa gari la lita 2.5 kwa sababu aliyetumwa dukani alisema tu "STI ya juzijuzi".

EJ207 hii si ile ya GDB ya kwanza. Muda wa kufunguka kwa valvu sasa unabadilishwa pande zote mbili, za kuingiza hewa na za kutoa moshi, kwa kusukumwa na oili. Tabo ina njia mbili za moshi badala ya moja. Kuna kitufe cha SI-Drive kinachobadilisha tabia ya injini. Na kila walichoboresha kimeongeza mahali papya pa kuumwa, ndiyo maana fundi aliyezoea GDB hupotea akifika hapa.

"Haina ule mlio wa Subaru"

Huu si ugonjwa. Ule mlio wa kudunda, ambao mtoto wa Kampala anautambua toka mtaa wa pili, unatokana na manifoldi ya ekzosi yenye mabomba ya urefu usiolingana. GRB, GVB na VAB za Japani zina mabomba yanayokaribia urefu mmoja yanayolisha tabo ya njia mbili, kwa hiyo injini inaimba laini. A-Line bado inadunda. Kuna vijana wanaong'oa manifoldi nzuri na kufunga ya zamani ili wapate mlio, halafu wanarudi baada ya mwezi wakiuliza kwa nini tabo inachelewa kuvuta. Mlio wameupata, njia mbili wameziua.

"Haina nguvu"

Anza na kitufe. SI-Drive ikiwa kwenye I, kompyuta inabana nguvu makusudi ili uokoe mafuta. Bwana mmoja alitoka Mukono hadi kwangu akiwa amekwisha kutafuta tabo ya mtumba. Nilizungusha kitufe hadi S#, nikamwambia aende hadi kwenye mzunguko wa barabara na kurudi. Alirudi akicheka kwa aibu, akaninunulia rolex ya chapati na mayai mawili. Taa ya injini ikiwa imewaka, SI-Drive inaweza kukataa kubadilika. Hapo usishindane nayo, isome kwanza kodi, yaani namba za makosa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta.

Pili, kumbuka uko wapi. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Kabale inakaribia 2,000. Hewa ya Kampala ina presha ya kilopaskali 88 hivi, ya pwani 101. Tabo inafidia pengo hilo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, lakini inaweza kufidia tu ikishaamka. Chini ya mizunguko 3,000 hii ni injini ya lita 2.0 yenye kompresheni ya 8.0 kwa 1 inayopumua hewa nyepesi, na itakuwa nzito. Aliyezoea gari la dizeli atasema inaumwa. Ikiwa inaamka vizuri ikipita 3,000 na kuvuta hadi karibu 8,000 bila kusita, gari ni zima. Jifunze gia zake.

Ikikataa hata juu, tafuta pa kuvujia. Intakula ya Subaru, kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, imekaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti, na mpira unaotoka kwa tabo kwenda kwenye intakula unaishi katika joto baya. Unachanika upande wa chini, usioonekana. Dalili zake zinakwenda pamoja: sauti ya kupuliza ukikanyaga, moshi mweusi, harufu ya petroli, na plagi nyeusi kama sufuria ya kuni. Sababu ni kwamba sensa ya hewa imekwisha kuhesabu hewa yote na kompyuta imemwaga petroli ya kutosha hewa hiyo, kisha sehemu ya hewa inatorokea njiani. Gereji yenye mashine ya moshi italipata tundu kwa dakika chache. Isiyo nayo, ziba mdomo wa tabo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, jaza presha ndogo kwa kompresa, paka maji ya sabuni, tazama mapovu. Usipite nusu baa; unatafuta tundu, hutafuti la kulitengeneza.

Sensa ya hewa yenyewe hula vumbi. Anayekwenda mashindano ya Busiika au anayepita barabara ya marumu kila wiki asafishe kwa dawa maalumu ya sensa, bila kugusa nyuzi zake kwa kidole wala pamba. Filta za kupakwa mafuta sizipendi kwenye gari hili. Mafuta yanaruka hadi kwenye sensa, vumbi linanata, na baada ya hapo kompyuta inaongopewa kila sekunde.

Na mwisho petroli, ila hiyo ina sehemu yake huko chini, kwa sababu ndiyo inayoua.

"Nikikanyaga mwisho inakata kama imegonga ukuta"

Swali langu la kwanza: ekzosi umebadilisha? Karibu kila mara jibu ni ndiyo. Bomba likifunguliwa wazi, moshi unatoka kwa urahisi, tabo inapita kasi iliyopangiwa, busti, yaani presha ya hewa ya tabo, inazidi, na kompyuta inakata petroli ili kuiokoa injini. Lile pigo unalolisikia ni msaada. Tiba ni kupangiwa kompyuta upya ifuate ekzosi mpya, au kurudisha ekzosi ya kiwandani. Kuna wanaofunga kidude cha kuidanganya kompyuta isione busti. Hao huwa nakutana nao tena kwenye sehemu ya "Inagonga" huko chini.

"Inamisi"

Silinda ikikosa kuwaka, anza na koili na plagi. Koili iko juu ya kila plagi. Ihamishe kutoka silinda moja hadi nyingine, uone kama kodi ya kumisi inahama nayo. Ikihama, umeshika mwizi. Kufikia plagi kwenye injini iliyolala ni kazi ya subira, kwa hiyo mafundi wengi huruka hatua hii na kurukia pampu ya petroli.

Mimi mwenyewe niliwahi kuadhibiwa. Nilifunga plagi mpya za iridiamu nilizonunua kwenye duka fulani mjini, boksi likiwa limefungwa vizuri, maandishi safi. Gari likatulia kwenye sailensa, yaani likiunguruma bila kukanyagwa, lakini likawa linamisi likifika 5,000 chini ya mzigo. Siku mbili nilihangaika na pampu, filta na nyaya, kwa kuwa plagi "ni mpya". Siku ya tatu nilirudisha zile kuukuu na tatizo likaisha. Kuzitazama kwa kioo cha kukuzia, ncha ya iridiamu ilikuwa chuma cha kawaida kilichochongwa kikawa chembamba. Tangu hapo plagi za zamani sizitupi mpaka gari limezunguka wiki nzima na mpya.

"Inachemsha"

Katika mita 1,200 maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na kofia, pamoja na dawa ya rejeta. Subaru yenye tabo ina kofia mbili: moja kwenye rejeta, nyingine kwenye tangi dogo lililo juu zaidi. Hazifanani. Ya rejeta ina springi kali zaidi, ya tangi la juu ndiyo inayofunguka kwanza. Mwosha magari au fundi mwenye haraka akizibadilishana, utaona maji yanapungua bila kuvuja popote na geji inapanda kwenye foleni ya Jinja Road. Kazi ya dakika moja. Nimeona watu wakilipia gasketi kwa ajili yake.

Baada ya kofia, hewa. Injini iliyolala hushika mapovu. Jaza polepole kupitia tangi la juu, fungua kizibo cha kutolea hewa juu ya rejeta, acha injini iungurume hita ikiwa wazi hadi itoe joto la kweli. Hita ikitoa hewa baridi huku geji iko juu, bado kuna povu.

Halafu thamostati. Zile za bei rahisi ni ndogo kuliko ya Subaru na hufunguka nusu. Nunua ya kweli.

Gasketi ya heda ni ya mwisho kwenye orodha. Mapovu yanayoendelea kutoka kwenye chupa ya akiba injini ikiwa ya moto, mipira migumu kama jiwe asubuhi kabla hujawasha, na ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikipitishiwa mvuke wa rejeta: ukiona vyote vitatu, shusha injini. Ukiona kimoja, rudia kupima.

"Asubuhi inatetemeka mbele, halafu inanyamaza"

Hiyo ni tenshena ya taimingi belti. Usiisubiri. Valvu na pistoni za injini hii hukutana belti ikikatika. Ratiba ya Japani ni kilomita 100,000, lakini gari la mtumba lina kilomita mbili, zilizoandikwa na za kweli, kwa hiyo mimi hubadilisha belti, tenshena, roli zote na pampu ya maji gari likishapata tu namba za Uganda.

Mlio mwingine wa asubuhi, tik-tik inayofifia injini ikipata joto, mara nyingi ni moshi unaovuja kwenye gasketi ya manifoldi. Na kuna kugonga kwa pistoni ikiwa baridi, ambako kwisha ndani ya dakika chache ni kawaida kwa EJ. Nakutajia ili usiichanganye na ile ya beringi nitakayoieleza chini.

"Inakula oili"

EJ hula oili kidogo, hasa ikikimbizwa. Kosa ni kungoja taa. Taa nyekundu haipimi wingi. Inapima presha, na huwaka presha ikiwa karibu imekwisha yote. Chomoa dipstiki kila ukijaza petroli mara ya pili. Sampu inabeba lita 4 na kidogo; ikipungua lita moja, kona ndefu inaipeleka oili pembeni na pampu inavuta hewa.

Moshi wa buluu unaotoka mara moja unapowasha baada ya kulala, au unapoachia mafuta kwenye mteremko, tazama tabo na sili za valvu. Moshi wa buluu usiokoma, oili inayorudi kwenye mipira ya hewa, na sailensa isiyotulia: pima kompresheni. Ukiwa Kampala namba zote zitakuwa chini kuliko za kitabu kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo usiogope namba, ogopa tofauti. Silinda zikipishana psi 5 nalala usingizi. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa 20 au 30, na hasa ikiwa ya 4, ile ya nyuma upande wa kushoto, basi mara nyingi ukuta unaoshikilia ringi kwenye pistoni umevunjika. A-Line na lita 2.5 nyingine zinajulikana kwa hilo kuliko EJ207, ila EJ207 haina kinga. Na ukuta huo hauchakai. Unavunjwa. Na kinachouvunja ni hiki kinachofuata.

"Inagonga"

Kuna kugonga kwa aina mbili, na tiba zake hazijuani.

Ya kwanza inasikika kama karanga zinazoruka kwenye kikaango, ukikanyaga gia kubwa kwenye mlima, kisha inapotea ukiachia. Mara nyingi huisikii kabisa. Ni petroli inayolipuka yenyewe ndani ya silinda badala ya kuwaka kwa mpangilio. Gari hili lilipangwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo huko inafikia oktani 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Kompyuta ina sensa inayosikiliza, na ikisikia karanga inachelewesha cheche. Nguvu zinapungua na joto la ekzosi linapanda. Hii ndiyo "haina nguvu" niliyoiahirisha.

Huhitaji kukisia. Chomeka kifaa cha kusoma kompyuta kwenye simu au laptopu kwa programu inayoijua Subaru, tafuta namba inayoandikwa IAM. Ikiwa 1.00, kompyuta inaiamini petroli yako. Ikishuka, imepoteza imani, na inakuambia kabla pistoni hazijakuambia. Ikishuka, fanya haya: jaza mafuta ya daraja la juu kwenye kituo chenye wateja wengi, maana petroli iliyolala kwenye tangi la ardhini inapoteza ubora, kagua kuvuja kwa hewa na sensa, usikanyage mwisho ukitoka tu kwenye foleni, kwani intakula ya juu imebeba joto la injini na inahitaji dakika za upepo, na panda milima ya Kabale kwa gia ya tatu au ya nne yenye mizunguko mizuri, si kwa ya sita huku mguu uko sakafuni. Chupa za kuongeza oktani sizitegemei. Baadhi huacha rangi nyekundu kwenye plagi, na hapo tunarudi kwenye kumisi.

Dawa ya kudumu ni kuipangia kompyuta upya kwa petroli inayouzwa hapa. Utapoteza farasi wachache. Mwambie anayepanga kwamba unataka gari la kufika Mbarara na kurudi, si namba ya kuwaonyesha rafiki. Anayekupangia bila kuendesha gari huku kompyuta inarekodi, mwache.

Ya pili ni ya beringi za konrodi. Ni nyundo ndogo ndani ya chuma, toni ya chini, inafuata mizunguko, inazidi injini ikiwa ya moto, na inasikika vizuri ukipandisha hadi 2,500 na kuachia. Ukiisikia, zima. Palepale, hata kama uko Namawojjolo na kuku wako bado yuko kwenye moto. Kila kilomita unayoongeza inakwangua krankishafti, na chuma kinasambaa hadi kwenye tabo na kwenye mitambo ya valvu. Vuta gari kwa breki daun. Kwa uhakika, kata filta ya oili, kunjua karatasi yake juani: unga unaometa kama shaba ni beringi.

Sasa chanzo, maana kubadilisha beringi peke yake ni kujiandikia miadi ya pili. Oili kupungua ndiyo kubwa. Kuna bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu, ambalo kwenye EJ hupasuka kwenye kiungo chake. Linavuta hewa na oili pamoja, na dipstiki itakuonyesha oili imejaa. Shimo la barabarani lililobonyeza sampu hadi karibu na mdomo wa bomba hilo lina matokeo yaleyale. Kagua bomba kila unaposhusha sampu, lifunge jipya lililoimarishwa.

Chanzo kingine ni kale kachujio ka wavu kaliko ndani ya boliti ya bomba la oili linalokwenda kwenye tabo na kwenye mitambo ya valvu. Kameziba, tabo inakauka na muda wa valvu unayumba: sailensa inapanda na kushuka, kodi za AVCS, yaani za mfumo huo wa muda wa valvu, zinatokea, halafu tabo inaanza kulia kama king'ora. Mtu anabadilisha tabo, kachujio kako palepale, na tabo mpya inakufa kwa kiu ileile. GDB ya mwanzo ilikuwa na sehemu chache za kuziba. Hapa valvu za pande mbili zinakunywa oili hiyohiyo. Ndiyo maana 20W-50 nzito, inayopendwa na mafundi wetu kwa injini zilizochoka, haifai. Tumia ya sinthetiki kamili, 5W-30 au 5W-40, ubadilishe kila kilomita 5,000, na mapema zaidi ukitoka kushindana. Injini ikishavunjika beringi, safisha au badilisha njia zote za oili, pamoja na kipoza oili, kwani chuma kilichojificha humo kitasubiri beringi mpya.

"Inabana nikikata kona ya parking"

Umebadilisha tairi mbili ukaacha mbili. Difu ya katikati inaona mizunguko ya mbele na nyuma haifanani na inapambana saa zote. Chukua uzi, zungushia kila tairi ikiwa na upepo sawa, pima. Zikipishana zaidi ya milimita 6, tafuta nne zinazofanana, na kabla ya kunipigia kuhusu difu, angalia pia kama kuna tairi iliyopungua upepo.